Mwanamume wa Ghorofa ya Tatu

Nimewahi kuwa mwanamume kwa wiki tano, hapa hapa Dubai, na sikuwa hodari.

Mimi ni mjane na mtu wa mpakani. Kwetu mstari wa nchi mbili unapita kati ya jiko letu na choo, kwa hiyo tangu utotoni nilijua kuvuka bila kuomba ruhusa. Nilisoma chuo kikuu, nikaandika tasnifu ndefu kuhusu mila za ndoa, kisha nikaolewa bila kukumbuka hata ukurasa mmoja. Mume wangu alipofariki nilikuja huku kufanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya Oud Metha. Mwaka wa tatu ukoo wake ukaamua kwamba nimeomboleza vya kutosha: sasa nirithiwe na mdogo wake.

Huyo shemeji si mtu mbaya. Ana wake wawili na redio tatu, na redio huziwasha zote kwa pamoja.

Kwetu neno la namna hiyo halitumwi kwa simu. Linaletwa na wajumbe watatu, na mjane akishaitika salamu yao hana budi kujibu papo hapo. Akikubali, amerithiwa. Akikataa, mama mkwe haruhusiwi tena kumtamkia neno mpaka kaburini. Nami mama mkwe wangu nampenda kuliko nilivyompenda mwanawe, Mungu anisamehe. Sikutaka kukubali, wala sikutaka kukataa. Nilitaka nisipatikane.

Bahati mbaya ukoo ule una watu wengi Dubai, karibu wote walinzi, yaani watu wanaolipwa kusimama mahali na kutazama nani anaingia. Wakateuliwa watatu. Hakuna kati yao aliyewahi kuniona. Walikuwa na picha yangu ya harusi tu, ambayo ndani yake nina kiuno. Jumapili walinisubiri nje ya kanisa, Jumatano mlangoni pa kliniki. Mara mbili nilitokea mlango wa takataka.

Ndipo bibi mwenye nyumba, Mzanzibari aliyeishi Al Baraha miaka mingi kuliko lifti yetu, akanitolea ovaroli ya mwanawe mwenye karakana ya AC kule Al Quoz. Akaongeza kofia, barakoa na sanduku la spana, akaniamuru nitembee sebuleni.

"Mwanamme gani huyo?" akacheka. "Watembea kama ulobeba bakuli la uji! Hebu tembea kama njia ya babaako."

"Hivi?"

"Sasa wafanana na mwanamme mwenye jipu. Si haba, wapo wa hivo."

Basi kwa wiki tano fundi wa AC akawa anatoka na kuingia. Sandukuni, badala ya spana, mlikuwa na mkoba wangu, viatu vya kazini na miwani. Majirani walianza kuniletea malalamiko ya AC zao. Niliwajibu kwa sauti nzito, "Bukra, inshallah," yaani kesho Mungu akipenda, na kila mmoja aliondoka ameridhika kwamba mimi ni fundi kweli.

Jumapili moja asubuhi nikawakuta wote watatu wameketi kwenye ngazi za jengo letu. Mkubwa wao alikuwa wa rika langu, macho mekundu kwa zamu ya usiku.

"Fundi, yalla, njoo tunywe chai. Tuna swali."

Kukataa chai ni kuwatia watu shaka. Tukaingia mkahawa wa chini.

"Ghorofa ya tatu kuna mama wa mapokezi?" akauliza mdogo wao. "Unamjua?"

"Si vizuri sana," nikasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Huyo mama ametutesa, buda. Siku zangu zote za ofu zimeishia kwa hizi ngazi."

"Na tukimpata sijui hata tutamwambia nini," akasema wa pili. "Yule mzee na redio zake? Hata mimi ningehepa."

"Nyamaza," akasema mkubwa. "Wewe ni mjumbe."

Chai ikaja. Mkubwa akachukua kikombe cha kwanza na kunipa kabla sijaketi. Nikakipokea kwa mikono miwili, na goti langu likakunjika.

Kwetu mwanamke hupokea hivyo kitu kutoka mkononi mwa shemeji. Mwanamume hapokei hivyo hata kwa rais. Miaka minne ya chuo kikuu, wiki tano za ovaroli, na goti halikujifunza kitu.

Vijana walikuwa kwenye simu zao. Mkubwa alikuwa ananitazama. Nikasubiri salamu.

Hakunisalimu. Alikunywa chai yake taratibu, nami nikanywa yangu chini ya barakoa, kisha akasema kwa sauti ya baraza, "Fundi, wewe unaingia nyumba ile. Mle kuna mwanamume?"

Hapo nikakumbuka, kwa mara ya kwanza tangu nihitimu, sura ya nne ya tasnifu yangu. Mjane aliyekwisha kuwa na mwanamume nyumbani harithiwi, wala halaumiwi, mradi wajumbe wamekunywa na mwanamume huyo.

"Yupo," nikasema.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kila asubuhi."

"Mtu wa namna gani?"

"Msomi. Maneno mengi, kazi hajui. Hata taa hawezi kubadilisha."

"Ana heshima kwa wakwe?"

"Mpaka inamponza."

Chai ikampalia. Alipomaliza kukohoa akawageukia vijana. "Mmesikia? Kuna mwanamume, na tumekunywa naye. Khalas."

"Tumekunywa na nani?" Mdogo akanyanyua macho, akanitazama kofia, akanitazama mikono, akafungua mdomo. Mkubwa akamtia sambusa.

Wakaondoka bila kuniaga. Sijawahi kunyimwa salamu kwa adabu kama ile.

Ovaroli niliirudisha imefuliwa. Bibi aliipokea kwa masikitiko. Alisema nilikuwa ndiyo kwanza naanza kutembea vizuri. Naye mama mkwe hunipigia simu kila mwezi. Tunazungumza mvua, ng'ombe, redio za shemeji, na kabla ya kukata hakosi kuuliza hali ya yule bwana niliyempata huku.

Namwambia hajambo, ila goti moja linamsumbua.