Zuwena wa Tibirinzi, aliyezipaka rangi kadi zetu

Tangu asubuhi naandika, nafuta. Kichwa kinajua kwamba Zuwena amefariki. Moyo hautaki hata kusikia. Jamani, Zuwena!

Wengi wenu mmenunua kadi zetu hapa kwenye page bila ya kumjua. Mimi ndiye niliyekuwa nikichonga mihuri kwa mpira wa kandambili na kuigonga kwenye karatasi: waridi, dele la kahawa, kitawi cha karafuu. Lakini muhuri unatoa mistari mitupu. Rangi zote mlizozisifia ni mkono wake.

Tulijuana sokoni Chake Chake, Sikukuu imekaribia. Nimepanga kadi zangu nyeusi na nyeupe, hakuna anayezitazama. Akasimama mbele yangu, akashika moja.

"Dada, mbona maua yako yamefiwa?"

Nilikasirika! Akaomba chache, akaenda nazo kwao Tibirinzi, kesho yake akazirudisha. Waridi lilikuwa na pinki hafifu katikati, likikolea kidogo kidogo mpaka jekundu la pembeni. Ungedhani limemwagiwa maji sasa hivi. Zikaisha kabla ya adhuhuri.

Alinifundisha, sikufundishika. Nikipitisha maka, zile kalamu nene za rangi, wino wa muhuri haujakauka, picha yote inachafuka. "Wee una haraka ya kwenda wapi? Subiri ukauke, bibi we!"

Mimba mbili zilimtoka. Hakuwa mtu wa kulisema hilo, na leo nalisema kwa sababu nataka mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Baada ya ile ya pili, hata hajapata nguvu vizuri, ikaja oda ya kadi za hongera ya uzazi. Kitoto ndani ya shali. Nikamwambia, "Shoga, hizi niachie mie."

Akazivuta kwake. "Ntoto wa mwenzangu kanikosea nini?"

Akazipaka zote. Shali za manjano, mashavu yenye wekundu wa mbali. Alipomaliza, akaenda kunawa uso.

Mimba ya tatu alinificha hata mimi. Baibui pana, na khanga juu yake. Nilikuja kugundua pale harufu ya maka ilipoanza kumtia kichefuchefu, akahamia penseli za rangi. Nilipomwuliza, akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Usiseme. Ukisema nitaogopa."

Tukacheka. Wallahi tulicheka.

Wiki iliyopita, mimba imeingia mwezi wa nane, tulikuwa barazani kwa mama mkwe wake, tunakimbizana na dedilaini ya kadi za harusi. Miguu yake imevimba, viatu haviingii. Akaweka penseli chini.

"Kichwa kinanipasuka. Na hii mistari naiona miwili miwili."

Sikungoja amalize. Tukatafuta gari, tukaenda hospitali. Mumewe Khamis, anayepakua mizigo bandarini Wesha, akatukuta huko huko na vumbi la saruji nguoni. Presha ilikuwa juu mno. Kifafa cha mimba kikamshika. Madaktari walihangaika, siwezi kusema uongo. Wakampasua, mtoto wa kike akatoka hai.

Zuwena hakuamka.

Na kabla hatujamzika, asubuhi yake, mtoto naye akamfuata mama yake.

Nilikuwemo katika kumwosha. Kidole chake cha shahada kilikuwa na buluu ya penseli. Nikasugua. Nikasugua tena. Bi aliyekuwa akituongoza akanishika mkono. "Mwanangu, muache. Hiyo ni rangi tu, haizuii maji."

Wanaume wakaondoka na majeneza mawili, moja dogo mno. Sisi tukabaki ndani, tunaisikia tahalili ikienda mbali, ikienda mbali, mpaka hatukuisikia tena.

Watu wananiambia nisubiri. Wananiambia Mungu hakosei. Najua. Najua, na bado mbele yangu sioni kitu.

Juzi nilijaribu kumalizia zile kadi za harusi. Nikapitisha rangi wino haujakauka, nikaziharibu. Zilizobaki nimewarudishia wenyewe kama zilivyo. Kwa hiyo wanaonitumia inbox kuhusu oda za Sikukuu, niwieni radhi. Msiniulize tutaanza tena lini. Tulikuwa wawili.

Zuwena, jina ulilomchagulia mwanao ulininong'oneza mimi peke yangu, ukasema Khamis atalisikia mtoto akizaliwa. Jana, baada ya khitma, nilimwita pembeni nikamwambia. Alilitamka mara moja, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akakaa chini pale pale, kwenye mchanga.

Allah awape nuru huko mliko. Lala salama, shoga yangu. Wewe na Thureya wako.