Kijiti cha Oili cha Lori la Baba

Enzi zetu lori halikuwashwa kabla kijiti hakijachomolewa. Wenzangu mliokulia vijiji vya pamba mtayakumbuka magari yale ya pua ndefu, yaliyonuka oili, vumbi na magunia. La baba lilikuwa la kijani. Alfajiri tulitoka nje na mashuka mabegani, mama akiwa ameshika kibuyu cha uji wa safari, na baba akafungua boneti. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa pamba ya shambani kwetu, akakirudisha kwenye bomba lake, akakichomoa tena, kisha akamwonyesha kila mmoja wetu oili ilipoishia. Hapo ndipo alipovua kofia, tukasali. Siku moja nilimuuliza kwa nini tusianze na sala. Akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, tusimwombe Mungu atulinde na uvivu wetu."

Lori lile bado lipo, namshukuru Mungu, ingawa siku hizi namshukuru huku nimekunja uso. Analiendesha mwanangu Luhende. Juzi alirudi kutoka Segese alikopeleka mbao, nikafungua boneti, na mahali pa kijiti nikakuta gunzi la mahindi. Gunzi, kwenye injini. Bomba lenyewe lilikuwa limeachia kishikizo chake, limepasuka, linacheza kama jino bovu, na oili imerukia ubavu mzima. Nikauliza kijiti kiko wapi. Luhende akakuna kichwa. Ikabidi utingo wake aseme: walipumzika njiani, wakanunua nyama, wakakosa cha kuchomea, na moto ukakipinda.

Nilisali Baba Yetu yote kimoyomoyo kabla ya kufungua mdomo.

"Mmechomea mshikaki kijiti cha babu yako."

"Tulikiosha kwanza, mama."

Ningecheka kama mpunga wetu wa mwaka mzima usingekuwa shambani kwenye magunia, na mawingu yameshakaa upande wa ziwa. Magunia yakilowa, mpunga unaota humohumo, na chakula cha nyumba nzima kinaishia hapo. Luhende akakimbilia maduka ya spea kule Kambarage, akarudi na kijiti na bomba vilivyotolewa kwenye injini nyingine. Kwa mikono sina la kumlaumu. Kipande cha bomba la zamani kilikuwa kimeng'ang'ania kwenye injini. Alikilegeza polepole kwa koleo, akaziba tundu kwa kitambaa uchafu usidondokee ndani, akapaka silikoni, akagongea bomba jipya kwa kipande cha mti, akafunga kishikizo kwa nati. Kisha akapima.

"Imejaa, mama. Twende shamba."

Nikamuuliza kama oili iliyomwagika njia nzima kutoka Segese ilirudi yenyewe kwa miguu. Akasema kijiti ndicho kinachosema, mimi je, nimeingia ndani ya injini? Akanionyesha na picha kwenye simu, kijiti kama kile kile.

Nikamtuma stoo alete kopo la babu yake. Maana nilipokuwa mdogo kijiti cha kwanza cha lori hilo kilikatika, na baba hakubahatisha. Alisimamisha lori pasipo na mteremko, akaweka bakuli la maji juu ya kidato cha kupandia lori aone kama yanalalia upande, nami nikaachiwa kazi ya kufukuza kuku wasiyanywe. Akaikinga oili yote kwenye sufuria ya maandazi ya mama, ambayo haikupika andazi tena, na mama hakuacha kulisema hilo hadi uzeeni. Kisha akajaza kopo. "Injini hii inakunywa kopo hili zima," alisema, "haliongezwi wala halipunguzwi." Akamimina, akasubiri oili itulie, ndipo akakata alama kwenye kijiti kipya kwa tupa.

Luhende akafungua oili huku akinung'unika kwamba mvua haisubiri hadithi. Iliyotoka haikufika nusu ya kopo. Kile kijiti kilikuwa kirefu kupita kipimo cha injini yetu, kinafika chini kabisa na kurudi na habari njema. Tungeondoka nacho, injini ingekwama njiani na mpunga ungebaki kulowa. Luhende akajaza kopo, akamimina, akasubiri, akaomba tupa.

Mpunga umefika nyumbani. Yamelowa magunia ya juu tu, tumeyaanika.

Leo asubuhi nimetoka nje na sala yangu mdomoni kama zamani. Luhende ameshika simu kwa bega, amechomoa kijiti, amekifuta kwa karatasi ya chooni, amekitazama peke yake, amefunga boneti na kuondoka. Amepima, nashukuru, na sitaki kuonekana sishukuru. Lakini enzi zetu oili ilitazamwa na nyumba nzima, hata mtoto wa mgongoni aliinamishwa aone. Leo nimesali na moshi.