Laptop ya Wanaosoma Chali

Mke wa fundi seremala alikuwa mwalimu, lakini darasa lake halikuwa na kengele wala mistari ya asubuhi. Lilikuwa wodi ya mifupa, ghorofa ya tatu ya hospitali, vitanda kumi na vinne vya watoto waliolazwa wiki nyingi mpaka vidole vyao vikalainika kama vya watoto wachanga. Miaka kumi na mmoja alizipanda ngazi zile, maana lifti ilikuwa ya machela, akapita kitanda hadi kitanda na begi lake begani: huyu silabi, yule kuzidisha, mwingine kumfuta machozi kwanza ndipo somo lianze. Wauguzi walimwita Mwalimu, wagonjwa walimwita Mwalimu, na mumewe, kwa kuambukizwa, alimwita Mwalimu hata akimwomba chumvi mezani. Yeye alimwita mumewe Fundi. Majina yao halisi yalibaki kwenye vyeti.

Fundi alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, na mara kwa mara hospitali ilimwita kurekebisha milango na makabati. Ndiyo maana aliijua wodi ile, akamjua na mgonjwa wa kitanda cha sita, msichana wa miaka kumi na minne waliyempachika jina la Profesa. Profesa aligongwa na pikipiki akivuka barabara. Paja la kushoto lilivunjika, na mkono wa kulia pia. Alilala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na kapi, vyuma vizito vikiuvuta mfupa urudi mahali pake, na mkono umo ndani ya plasta hadi kwapani. Kilichobaki kikifanya kazi ni mkono wa kushoto na mdomo, na mdomo haukupumzika. Aliuliza kwa nini mfupa hauumi unapokua. Aliuliza nani aliamua saa iwe na dakika sitini. Aliuliza mtihani wa kumaliza shule ya msingi ungemkuta wapi.

Hilo la mwisho Mwalimu alilichukua akalifanyia kazi. Aliandika barua, akafuatilia, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi za watu, hadi akarudi na kibali: mtoto atafanya mtihani kitandani, na kwa kuwa hawezi kushika kalamu, ataandika kwa kompyuta. Zilibaki wiki tano.

Kibali kilipata siku tatu tu za furaha. Siku ya nne, laptop ya wodi, kuukuu iliyostaafu ofisi ya mapokezi, ilinguruma kama mashine ya kusaga, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, kioo kikawa cheusi ti. Haikuamka tena.

Wauguzi wastaafu waliposikia wakachanga. Matroni, mkuu wa wauguzi, alimkabidhi Mwalimu bahasha akamwambia, "Nunua unachoona kinafaa. Sisi kompyuta hatuzijui, wewe ndiye unayelala nazo na kuamka nazo."

Dukani kulikuwa na za aina mbili za kufikiriwa. Moja nene, ya plastiki, ya bei ya mtu wa kawaida. Nyingine nyembamba kama sinia, nyepesi, ya bei ya kumfanya mtu akohoe. Fedha za bahasha zingenunua mbili nene, au moja nyembamba, basi.

"Hapo hakuna hata cha kujadili," alisema Fundi jioni hiyo. "Mbili ni mbili. Watoto wawili wanasoma kwa mpigo."

"Uzito, Fundi."

"Uzito wa nini? Ataibeba kichwani?"

Kesho yake Mwalimu aliichukua ile maiti ya laptop akaipeleka ghorofa ya chini, wodi ya wazazi, akailaza kwenye mizani ya watoto wachanga. Kilo mbili na gramu mia saba. Mkunga akapiga kigelegele. "Hongera Mwalimu, mtoto ana uzito mzuri!" Wodi nzima ikaangua kicheko, na Mwalimu akacheka nao, lakini ile tarakimu aliiandika kwenye kiganja, akarudi nyumbani akamwonyesha mumewe.

"Kwa Kiswahili cha vitabuni inaitwa kompyuta mpakato," alisema. "Ya kupakatwa. Wangu hawapakati, hawana magoti ya kuiwekea. Inawakaa tumboni. Sasa wewe lala chali uwekewe kichanga tumboni saa mbili na nusu, halafu utungiwe swali la insha."

Fundi alikuwa mtu wa vitendo. Tatizo la kuweka kitu mahali lilikuwa, kwake, tatizo la mbao. "Nitatengeneza meza," alisema. "Ya kuvuka kitanda. Miguu huku na huku, mtoto katikati, laptop juu. Ununue zako mbili."

Alifanya kazi siku nne. Alipiga randa, akapiga msasa, akazungusha kona zisimchune mtoto, akaweka na ukingo wa mbele wa kuzuia kalamu zisianguke. Ilikuwa meza nzuri, na alijua ni nzuri. Aliipandisha ngazi mwenyewe, akaisogeza kwenye kitanda cha sita huku Profesa akiisifia, na hapo ukingo ukaigusa kamba ya mguu. Uliigusa tu. Vyuma vikayumba, na yule msichana ambaye alikuwa hanyamazi akanyamaza ghafla, midomo imekuwa ya kijivu.

Fundi aliirudisha nyuma. Akajaribu upande wa juu zaidi, ikagonga plasta ya mkono. Akajaribu kuiinamisha, muuguzi akaja akasema taratibu, "Fundi, naomba uitoe." Aliiteremsha zile ngazi. Mkewe alimfuata hadi chini, akamshika mkono wa shati. "Ni meza safi," alimwambia. "Kuna wawili wa viti vya magurudumu, hawana meza. Itawafaa."

Jumamosi walikwenda dukani pamoja. Muuzaji, kijana mtanashati mwenye miwani, aliwatazama viatu kwanza kisha akawaelekeza kwenye ile nene. "Hii ndiyo ya familia, mama. Ile nyembamba ni ya wakurugenzi, watu wa ndege."

"Naomba uniwashie zote mbili," alisema Mwalimu. "Na lile boksi la televisheni, unalihitaji?"

Alilikunjua lile boksi, akalitandaza sakafuni katikati ya duka, akavua viatu, akajilaza chali.

"Mama! Umejisikia vibaya?" Muuzaji alikimbilia maji.

"Mzima wa afya. Niwekee ile nene hapa, chini ya mbavu. Fundi, shika saa. Dakika ishirini."

Mkono wa kulia aliuweka pembeni kama kipande cha gogo, akaanza kuchapa kwa kushoto peke yake, insha juu ya faida za misitu. Wateja waliingia, wakamruka. Mama mmoja akauliza kama hilo ni tangazo la biashara. Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze, kisha aliangalia saa, na alipoangalia saa akaanza kuangalia pia kifua cha mkewe. Dakika ya nane pumzi zilikuwa fupi. Dakika ya kumi na mbili alisema, "Inachoma," na akaendelea. Ilipofika ishirini alikaa, blauzi imelowa jasho pale mashine ilipokuwa, akanywa yale maji ya muuzaji.

Kisha akajilaza tena akaomba ile nyembamba. Safari hii Fundi aliona kitu kingine: dakika ya kumi mkewe alitabasamu peke yake, kwa sentensi aliyoiandika. Alishasahau kwamba amebeba kitu. Muda ulipokwisha Fundi ndiye aliyemwambia, maana mkewe aliendelea kuchapa.

Hata hivyo Mwalimu hakuwa mtu wa kulewa na kitu kipya. Aliketi pale pale kwenye boksi akasema herufi za nyembamba hazibonyei vizuri, amekosea maneno mengi kuliko kwenye nene, na upande wake wa chini unateleza. Akamuuliza muuzaji maswali ambayo yule kijana, mwishowe, aliyajibu kwa ukweli. Nene hukaa na chaji saa tatu, ikiwa mpya. Nyembamba, siku nzima ya kazi. Nene mtu huifungua kwa bisibisi moja akabadilisha anachotaka. Nyembamba ikiharibika ndani, ni kilio.

"Wodini soketi ni za mashine za dawa," alisema Mwalimu. Aliigeuza tena ile nene, akaipapasa.

"Lakini mbili ni mbili, kama ulivyosema," alianza tena, sauti imeshuka. "Wale wangu wawili wa viti vya magurudumu, nene ingewatosha kabisa. Nikichukua hii, wao ndio ninaowanyang'anya."

"Na ukichukua nene?"

"Nitakuwa na mashine mbili za mezani. Na ninao kumi na wawili wasioweza kukaa mezani, mmoja wao ana mtihani." Alivaa viatu. "Nifungie nyembamba."

Wale wawili aliwaambia mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kabla hawajasikia kwa mtu. Mmoja aliinua mabega. Mwingine, mvulana wa mguu wa plasta, alinuna wiki nzima, akamgeuzia mgongo kila akipita. Mwalimu hakumkaripia wala hakumbembeleza. Alianza kula chakula chake cha mchana kwenye ile meza ya Fundi, baina ya viti viwili vya magurudumu, akiwafundisha kwa daftari na kalamu saa aliyopaswa kupumzika. Siku ya nane yule mvulana alimuuliza, bila kumtazama, jinsi ya kugawanya kwa desimali.

Fundi naye alikata vipande vyembamba vya mpira wa tairi la baiskeli, akavigandisha chini ya ile mashine isiteleze. Makosa ya herufi yalipungua kwa mazoezi. Kila asubuhi Profesa alichapa kwa mkono mmoja, ulimi nje, huku Mwalimu akihesabu makosa kwa sauti. Kutoka thelathini kwa ukurasa yakafika manne.

Siku ya mtihani msimamizi alikuja na bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akavuta pazia kukizunguka kitanda cha sita, akamwambia Mwalimu, kwa heshima, atoke. Sheria ni sheria. Mwalimu wa mtahiniwa haruhusiwi kuwa karibu.

Fundi alikuwa amepewa kazi ya bawaba za kabati kwenye ukumbi wa nje. Kwa kuwa nyundo ilikuwa marufuku, alikuwa akisugua kwa msasa tu, polepole. Mkewe alitoka akakaa kwenye benchi karibu yake, mikono mapajani. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona amekaa mchana hana cha kufanya.

"Itazima," alisema baada ya muda.

"Haizimi. Umeijaza jana."

"Ataona haya kuomba maji."

"Yule? Aone haya?"

Alicheka kidogo, kisha akachukua kipande cha msasa akaanza kusugua mlango mwingine wa kabati, akikosea, akisugua kinyume na nyuzi za mbao. Fundi aliona, akamwacha. Walisugua hivyo bega kwa bega, na kutoka nyuma ya pazia walisikia sauti ndogo ya herufi zikibonyezwa, zinasita, zinaanza tena. Hazikukoma kwa muda mrefu hata mara moja. Pazia lilipofunguliwa saa mbili na nusu baadaye, msimamizi alitoka anakunja miwani.

"Amemaliza?" Mwalimu alikuwa amesimama tayari.

"Amemaliza, amepitia mara mbili. Kisha kaniuliza kwa nini swali la saba lina majibu mawili sahihi." Alijikuna shingo. "Nadhani ni kweli linayo."

Mwalimu aliingia kwa mgonjwa wake. Fundi, kupitia kioo cha mlango, alimwona akiinua ile mashine kwa mkono mmoja kutoka tumboni mwa mtoto, akaiweka kando, na kwa mkono mwingine akamfunua shati kidogo kuangalia ngozi. Hapakuwa na alama. Akamshusha shati. Fundi alilirudia kabati lake, lakini macho yalikuwa yamemlowa, na vumbi la msasa alilolilaumu halikutosha kumdanganya mtu.

Matokeo yalitoka Profesa akiwa amekwisha kurudi kwao, anatembea kwa magongo. Mama yake alipiga simu wakati Mwalimu yuko kitanda cha tisa, ile laptop imekaa juu ya kifua cha mtoto mwenye uti wa mgongo uliovunjika, anaandika jina lake kwa mara ya kwanza. Alama za lugha zilikuwa za juu kuliko shule yao nzima. Nafasi ya sekondari ameipata. Mama alilia, akashukuru, akalia tena.

"Na hesabu?" aliuliza Mwalimu.

Hesabu zilikuwa za wastani.

"Mwambie aje Ijumaa, saa nne. Sekondari hawatamsubiri," alisema. Akaweka simu mfukoni, akainama kitandani. "Haya mwanangu, tulikuwa kwenye herufi gani?"