Chupa ya Seramu na Taa ya Pikipiki

Mkunga aliyenifundisha kuendesha pikipiki alinizidi miaka kumi na tano, na kwa muda wote niliofanya naye kazi sikumsikia hata siku moja akipandisha sauti. Alizaliwa mtaa wa Buyenzi, binti wa fundi wa magari. Alivaa kofia ya pikipiki juu ya mtandio, na suruali chini ya kitenge. Mimi nilikuwa mchanjaji wa watoto. Kituo chetu cha afya kilikuwa mtaa wa Kamenge, mji ule ule, na sote wawili tulipita njia moja kwenda Carama: yeye kwa wajawazito wake, mimi na sanduku langu la chanjo, kila mtu na pikipiki yake.

Ilikuwa miaka ya vita, na katika njia hiyo palikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari. Miezi ya mwanzo tulipoikaribia walitunyooshea bunduki, na mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye vidole vya miguu. Siku moja yule mkunga alisimamisha pikipiki mbali, akaenda kwa miguu, mikono ikiwa wazi, akaomba kuongea na mkubwa wao. Niliwaona wakisemezana muda mrefu. Aliporudi aliniambia wamekubaliana: pikipiki za kituo zitakuja polepole, taa ikiwaka hata mchana kweupe. Wakiona taa, watajua ni sisi. Tangu siku hiyo hakuna aliyetunyooshea chochote.

Kisha nchi jirani zikafunga mipaka. Esansi, yaani petroli, ikawa inauzwa kwa chupa, imevushwa kwa siri, mara nyingine imechanganywa na maji. Mkurugenzi wetu, daktari mpole aliyekonda kwa mawazo, alikuwa na gari moja la wagonjwa na pikipiki mbili za kulisha, na kila wiki kilichopatikana kilipungua. Jumatatu moja alitukusanya akasema kuanzia siku hiyo hakuna kuwasha taa mchana. Taa inakula esansi, alisema, na kila tone tunalookoa ni mgonjwa mmoja atakayefikishwa hospitali.

Mkunga akamweleza habari ya bariyeri. Daktari akajibu kwamba askari wale wameshatuzoea, wanatujua kwa sura.

Mimi nilitii. Kesho yake asubuhi kulikuwa na mvua nyembamba na moshi wa majani, na niliikaribia bariyeri taa ikiwa imezimwa. Nilisikia bunduki ikikokiwa kabla sijamwona mtu.

"Chini! Lala chini!"

Nililala kwenye matope. Pikipiki ilianguka, sanduku la chanjo likafunguka, vichupa vikatawanyika. Buti lilisimama karibu na sikio langu. Kisha mmoja wao akanitambua.

"Ni ule wa sindano. We, taa yako iko wapi leo?"

"Wametukataza. Inakula esansi."

Hakuna aliyecheka. Yule askari alikuwa kijana kama mimi. Alinisaidia kuokota vichupa, kimoja kimoja, akivifuta kwa kofia yake.

Niliporudi kituoni nilitaka mkunga aende kumfokea daktari. Nilikuwa na hasira, nguo zimegandamana na tope. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa maji ya kunawa.

"Dada, nenda kamwambie. Wewe atakusikia."

"Nimwambie nini? Yeye anaogopa esansi itaisha, na ni kweli itaisha. Mi sijui taa inakula kiasi gani. We unajua?"

Sikujua. Nilidhani haili kitu.

Akanipeleka nyuma ya kituo, akaiwasha pikipiki yake, akaiacha ingurume pale pale iliposimama. "Sikiliza," akasema, akawasha taa. Sauti ya injini ilishuka kidogo sana, kama mtu aliyepewa mzigo mdogo wa kushika. Akazima, sauti ikapanda. Akarudia.

"Umesikia? Inakula. Marehemu baba alinionyesha hivi nikiwa mdogo. Lakini inakula kama mutu mzima ao kama kuku? Hiyo ndiyo hatujui. Twende tupime."

Nilimwona jioni ile akiingia ofisini kwa mkurugenzi. Hakumlaumu. Alimwomba tu nafasi ya kupima Jumapili asubuhi, na akasema esansi ya kupimia atatoa yeye, ile aliyokuwa amejiwekea nyumbani. Daktari alishangaa, akasema atakuja mwenyewe.

Tulikutana kwenye barabara ya kwenda Kibenga, pale ilipo tambarare kando ya ziwa. Daktari alikuja na viatu vyake vya kanisani. Mkunga alikuwa amechukua chupa tupu ya seramu, maji ya dripu, kutoka wodini, ile ya kioo yenye mistari ubavuni, akaifunga kwa bendeji kwenye usukani, mdomo chini, akaunganisha mpira wa esansi kutoka kwenye chupa hadi kwenye kabureta. Tangi likabaki bila kazi. Sasa kila tone lililoingia kwenye injini lingeonekana kwa macho. Tulichagua mwanzo na mwisho, kwenda na kurudi, ili upepo wa ziwani ukitusaidia huku utuzuie kule.

Aliendesha mara ya kwanza taa ikiwaka, mara ya pili imezimwa, kila mara chupa ikiwa imejazwa hadi mstari ule ule. Tuliinama wote watatu kusoma mistari. Taa ilipozimwa, esansi iliyobaki ilikuwa nyingi zaidi, kwa unene wa ukucha.

"Umeona," alisema daktari, lakini bila ushindi. Kisha akakuna kidevu. "Samahani, mama. Mkono wako unajua unachotaka. Hata bila kukusudia unaweza kupunguza mwendo. Aendeshe mwingine."

Mtu mwingine angekasirika. Yeye alimwangalia kwa furaha ya kweli, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi.

"Hilo ndilo swali, daktari. Mudogo wangu, panda."

Nikapanda mimi. Nilienda na kurudi mara nne, mbili kwa taa, mbili bila taa, mwendo ule ule, na watu waliotoka kanisani walisimama kutuangalia wakidhani tumechanganyikiwa. Safari moja yenye taa hata ilitumia esansi pungufu kuliko ile isiyo na taa, na hapo daktari alivua miwani akaifuta. Tulipojumlisha yote, tofauti ilikuwa ule ule ukucha, mara ipo, mara haipo.

Kisha mkunga akasema tupime na pikipiki yangu. Nilikataa kwa aibu kabla sijajua kwa nini. Alihamisha chupa, nikaendesha njia ile ile, taa imezimwa. Niliporudi, esansi ilikuwa imeshuka vidole viwili chini ya mstari wa pikipiki yake.

Mkunga aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha kwa mkono. Halikuzunguka hata mara mbili. Breki ilikuwa inalishika. Akabonyeza tairi, likabonyea kama embe lililoiva. Mnyororo ulikuwa mkavu, umejaa mchanga. Akafungua mkoba wake, akatoa spana na pampu, akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri cha Jumapili, akalegeza breki, akajaza upepo, akapaka mnyororo mafuta. Daktari alikunja mikono ya shati akashika pampu kwa zamu. Nilipoendesha tena, vile vidole viwili vilikuwa vimebaki ndani ya chupa.

"Basi mwizi si taa," alisema daktari.

"Taa inachukua chake, daktari. Tusiseme haichukui," mkunga akajibu. "Lakini inachukua kidogo, na inaturudishia watu."

Nimefanya kazi na wasomi wengi baada ya hapo, na wachache sana nimewaona wakifanya alichofanya yule mama asubuhi ile: kushinda, na papo hapo kukumbusha sehemu ndogo ambayo mwenzake alikuwa sahihi. Na wachache nimewaona kama yule daktari, ambaye Jumatatu alisimama mbele yetu wote, wafagiaji na wauguzi, akasema, "Nilitoa amri kabla ya kupima. Nilikosea." Taa zikawashwa tena. Kila Jumatatu asubuhi mkunga alikagua matairi, breki na minyororo, akianza na pikipiki yangu, na hakunitania hata mara moja mbele ya watu.

Nilipopita bariyeri, yule askari kijana aliinua mkono kutoka mbali. Niliinua wangu. Hatukuwahi kuambiana majina.

Nisije nikadanganya kwamba esansi ilitosha baada ya hapo. Ilitufikisha siku chache zaidi katika mwezi, basi. Zilikuja wiki ambazo hazikuwa na hata chupa moja, na pikipiki zote mbili zikasimama ukutani. Wiki mojawapo ya hizo, mama mmoja wa Carama alishikwa na uchungu asubuhi, mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuja kituoni akitweta. Mkunga alifunga vifaa vyake kwenye kanga, akajitwika, akatoka kwa miguu. Nilimfuata nimebeba ndoo. Alitembea haraka hivi kwamba mara kwa mara ilinibidi nikimbie, na njia nzima alimuuliza yule mume maswali, kwa sauti ile ile ya chini: uchungu ulianza lini, maji yametoka, amekula nini.

Tulifika kabla ya saa sita. Mtoto alizaliwa alasiri, wa kike, akalia kwa hasira. Mkunga alimfunga, akampa mama yake, akaketi kizingitini, akavua viatu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikunywa maji kikombe kizima bila kupumua, akaniangalia, akasema twende, bado kuna wajawazito wawili wa kuwaona kabla ya kurudi.