Kisiwa Walichopewa Wanyama

Niliolewa kisiwani, katikati ya Mto Kagera, mahali ambapo hata mbuzi wanachoshwa na matope. Kilikuwa kisiwa cha jeshi tangu vita ya kwanza ya dunia. Askari walichimba mahandaki, wakaondoka, wakamwachia baba mkwe wangu ghala moja la mabati alilinde. Akapanda migomba kuzunguka mahandaki, akawaoza wanawe palepale, na hakuna ofisa aliyemkataza.

Mwanangu wa kwanza alikufa kwa homa akiwa na miezi tisa. Tulimzika kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, chini ya mgomba, bila jiwe wala msalaba. Kituta kidogo tu cha udongo.

Baada ya vita ya pili jeshi likakiacha kisiwa. Akaja Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita mzungu wa mambo ya wanyama, pamoja na karani wa Bukoba wa kumtafsiria. Karani akamwamkia baba mkwe, "Shikamoo, mzee," kisha akatuambia tuhame. Kisiwa kitakuwa cha viboko, nzohe, wale swala wa kwenye matete, na ndege, wazaliane bila kusumbuliwa. Wenye makaburi tu ndio wataruhusiwa kuvuka kuyatunza. Bwana angerudi kuyaona kwa macho yake na kuyaandika.

Mama mkwe alisikia neno moja tu: mgeni anakuja. Basi tukakata nyasi juma zima. Kwetu kibanja kisichotandikwa nyasi ni aibu ya mwanamke, naye hakuwa mtu wa kukubali aibu hata siku ya kufukuzwa. Tulitandika nene, sawasawa, toka mlangoni hadi ukingoni mwa maji. Pale kwa mwanangu nilitandika mwenyewe. Nilipasawazisha vizuri, nikaona nimemtendea jambo jema.

Bwana Nyama alipofika alikisifu kibanja. Kisha akauliza makaburi yako wapi. Baba mkwe akanyoosha mkono.

"Hapo."

Mzungu aliona nyasi tu.

"Anasema zifunuliwe, mzee," karani akatafsiri.

"Kaburi lifunuliwe mbele ya mgeni? Mimi si mchawi!" baba mkwe akang'aka.

Nilikuwa nyuma ya nyumba, hatua kumi tu kutoka pale. Mkamwana hajitokezi mbele ya baba mkwe wake, sembuse kumpinga. Nilijua ni mgomba upi. Nikabaki palepale. Heshima ile naichukia mpaka leo. Bwana akaandika maneno mawili matatu, akafunga daftari.

Tulihamia Rugu. Watu walitupokea vizuri, wakatupa machipukizi ya migomba, na mume wangu akakataa kabisa kuzungumzia habari ile. Mwaka uliofuata nilitembea siku mbili peke yangu hadi mtoni. Ng'ambo hapakuwa na mgomba hata mmoja uliosimama. Wanyama walikuwa wamekanyaga kila kitu.

Mlinzi aliyekuwa kwenye mtumbwi alikuwa mtu mpole.

"Huko hakuvukwi, mama."

"Nimekuja kaburini."

Alifungua karatasi yake, akaisoma taratibu kwa kidole. "Hapa imeandikwa kisiwa hakina kaburi."

"Lipo moja."

"La nani?"

Nilimwonyesha kwa mikono miwili urefu wa mwanangu. Aliitazama nafasi ile katikati ya viganja vyangu, akainamisha kichwa, akaniomba nirudi nyumbani kabla viboko hawajatoka majini.