Mama Alipoushika Mrija wa Damu

Kaka yangu ni mtaalamu wa mifugo kule Mpwapwa. Alianza na mafua tu. Wiki haikuisha, nimonia ikamlaza, akaletwa hospitali ya Dodoma mjini akitweta kama aliyepanda mlima mbio. Walimweka kwenye mashine ya kupumulia, lakini mapafu yalikuwa yameziba. Hata hewa ya kusukumwa haikumtosha.

Daktari alituita, mimi na mama. Mama haoni tangu utotoni. Nilikuwa nimemfuata kwake Buigiri asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nieleze mwanangu, usinifiche."

Daktari akasema iko mashine inayovuta damu mwilini, inaitia oksijeni, kisha inairudisha, ili mapafu yapumzike. Ina hatari zake: mgonjwa aweza kuvuja damu, aweza kupata maambukizi. "Haiponyi mapafu, mama. Inampa muda tu."

"Basi mpeni huo muda," mama akasema.

Kesho yake tuliruhusiwa kuingia. Niliona mrija mnene ukitoka pajani mwa kaka na damu nyeusi nyeusi, na mwingine ukiingia shingoni na damu nyekundu ya kung'aa. Kifua chake kilicheza kidogo mno. Nikamweleza mama zile rangi.

"Rangi mimi sizijui," akanikata. "Yu hai au si hai?"

Muuguzi aliyekuwa akiilinda mashine akamnawisha mama mikono, akamvalisha glavu, akamwomba asibane wala asivute. Kisha akaviweka vidole vya mama juu ya mrija wa shingoni.

"Una joto," mama akasema taratibu. "Tena unatetemeka."

"Ndiyo damu yake hiyo, mama. Inarudi."

Mabega ya mama yakashuka. Tulipotoka akaniambia, "Nina njaa." Tangu apate habari hakuwa ametia kitu kinywani. Alikula wali maharage, akamaliza sahani yake na nusu ya yangu, nami nikamtazama tu kwa furaha.

Majuma yalipita kabla picha za kifua hazijaanza kusafika. Daktari alipunguza kazi ya mashine kidogo kidogo, akiangalia kama mapafu yatajimudu. Yakajimudu. Siku walipomtoa kaka mirija nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Sauti yake ilirudi baadaye, ikiwa imekwaruza. "Mama yuko wapi?"

"Nipo, baba. Nasikia unavyopumua."

Aliporuhusiwa tulimpeleka Buigiri kwa mama. Njiani aliona zabibu zinauzwa, akaomba gari lisimame. Akashuka mwenyewe, akatembea kidogo, akaegemea boneti. Nikafungua mlango nimfuate. Mama akanishika mkono.

"Mwache."

Alirudi na mfuko wake, anahema, anacheka. Akaonja moja, akakunja uso.

"Chachu hizi!"

Lakini tulipofika nyumbani mfuko ulikuwa mtupu.