Nywele Tulizotoka Nazo Bule

Wiki iliyopita niliingia saluni moja karibu na barabara kuu ya Bunia, mji nilikokulia, nikaomba nioshwe kichwa na kusukwa. Msichana wa saluni alitia chanuo mara moja tu, akavuta, akaguna, kisha akaenda kuleta kopo la defrizan, ile dawa ya kulainisha nywele, bila hata kuniuliza. Harufu yake unaijua, inachoma pua kabla haijafika kichwani. Aliniambia tulainishe kwanza, maana nywele ngumu zinamchelewesha. Nikasimama, nikamshukuru, nikatoka nje na kichwa kilicholowa nusu, nywele zimesimama kila upande, nikapita sokoni polepole ili kila anayetaka kutazama atazame vizuri.

Nilicheka njiani, ila hasira nayo ilikuwepo. Hasira hiyo sikuianza mimi. Niliirithi kwa nyanya yangu, mama yake mama.

Tulifika Bunia nikiwa msichana mdogo, sisi watatu, nyanya, mama na mimi, tukitokea Bule, kijiji chetu, kwa miguu wakati wa vita. Jirani mmoja mwema, mama wa biashara aliyehamia kutoka Butembo, alitupa chumba nyuma ya duka lake la unga na chumvi. Nyanya, ambaye Bule alikuwa na shamba la maharagwe na ng'ombe wake, sasa alikuwa mtu wa kusubiri: kusubiri chakula, kusubiri habari, kusubiri vita viishe. Siku ya Jumamosi tu ndiyo hakusubiri mtu.

Jumamosi alitandika mkeka uani, akaweka beseni la maji ya vuguvugu, chanuo lake la mti, uzi mweusi, na chupa ya mafuta ya mbegu za ngazi, tunda la mchikichi, ambayo aliyakaanga mwenyewe mpaka yakawa meusi. Nilikaa katikati ya magoti yake, masikio yamebanwa, na bado nilisikia kila kitu: mchi wa jirani ukitwanga majani ya mihogo ya kupika sombe, pikipiki zikipita, maharagwe yakichemka juu ya babula la makaa. Nikijitikisa, chanuo liligonga bega langu. Nywele kavu haziguswi, alikuwa akisema, zipe maji kwanza, halafu anzia kwenye ncha, usizivute kama unang'oa mihogo. Akimaliza kuzifunga kwa uzi, kila fungu lilisimama wima kichwani kwangu, nami nilijiona mrefu kuliko watoto wote wa mtaa ule.

Basi siku moja shuleni ilipita amri. Chawa wameingia madarasani, na wasichana wote waliokimbia kutoka Djugu, upande wetu wa Bule, wanyolewe vipara. Wasichana wa mjini hawakutajwa, kana kwamba chawa wanauliza kwanza mtu ametoka wapi. Atakayekataa asirudi darasani. Na chawa nilikuwa nao, sitakudanganya. Nusu ya darasa tulikuwa nao, wa mjini na wa vijijini.

Mama alitafuta wembe siku hiyohiyo. Simlaumu. Alikuwa amezunguka shule nyingi kabla sijapokelewa pale, na kuipoteza nafasi ile kwa ajili ya nywele aliona ni wazimu. Alinikalisha kwenye kibao, akalowesha kichwa changu. Nyanya alikuwa anachambua maharagwe. Hakupandisha sauti.

"Shamba ilibaki. Ngombe bakakamata. Nyumba bakachoma. Nywele njo kitu tulitoka nayo Bule, na weye unataka kuitupa na mikono yako?"

Mama alianza kulia, wembe bado mkononi. Alisema mtoto asiposoma atakuwa nini hapa, na nywele zake atazila? Nyanya aliinuka. Alimpokonya wembe, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake, na kesho yake asubuhi akanishika mkono tukaenda shule pamoja.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwenye haraka na macho ya kukosa usingizi. Alitukuta mlangoni. Nyanya alimsalimia kwa heshima, kisha akamwomba angoje mpaka Jumamosi ipite. Awalete kwake wasichana wote waliotajwa, yeye atawatoa chawa, na mwalimu mwenyewe atawakagua Jumatatu. Mwalimu alisema amri si yake. Nyanya akasema anajua, akaketi kizingitini, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kunichana palepale. Watoto waliingia darasani wakimruka. Saa ya mapumziko alikuwa bado yuko pale. Nilijua kwamba akisimama tu, nimekwisha.

"Sawa, mama muzee," mwalimu alisema mwishoni. "Lakini lundi nikipata chawa hata moja, nanyoa bote."

Uwanja wetu Jumamosi ile haukuwa na pa kukanyaga. Mama, ambaye alikuwa amenuna tangu siku ya wembe, ndiye aliyechota maji mengi kuliko wote. Mama wa dukani alifunga duka akaleta taa ya kumulikia vichwa. Tulipakwa mafuta mpaka yakatiririka shingoni, tukachanwa kwa chanuo la meno membamba, tukachanwa tena. Jioni tulikula viazi vitamu vya kuchoma kwa vidole vinavyonuka mafuta.

Katikati ya shughuli ile aliingia msichana niliyekaa naye dawati moja. Shangazi yake alikuwa amekwisha kumnyoa. Alisimama karibu na ukuta, kichwa kimejaa mikwaruzo, akitaka kuondoka. Nyanya alimwona.

"Ikala hapa," alimwambia, akipapasa mkeka. "Kichwa yako haikufanya kosa."

Akampaka mafuta taratibu, kipara kizima, kwa muda uleule aliompa kila mtu.

Jumatatu, hiyo lundi yake, mwalimu alipitisha kalamu yake ya risasi kwenye kila kichwa, akitafuta kwa bidii kabisa. Hakupata kitu. Tulikaa kwenye madawati na nywele zetu zimesimama kwa uzi, na aliyekaa nyuma yangu alilalamika kwamba haoni ubao. Sikuinama.

Sasa uwanja ule umejengwa maghorofa. Mama wa dukani alirudi Butembo. Wasichana wa mkekani sijui wako wapi, na Jumamosi watu wanakwenda saluni kukaa kila mtu na kioo chake. Nyanya alifariki akiwa bado anangoja kurudi Bule. Barabara ilikuwa haipitiki kwa sababu ya vita, tukamzika Bunia, na hilo sijamsamehe mtu.

Kwetu wajukuu hunyolewa kwa ajili ya marehemu. Shangazi zangu walisema mimi nina kazi ya ofisini, nikate kishungi kidogo tu, inatosha. Nilikataa, nikanyolewa zote; hizi za leo ziliota baadaye. Niliporudi kazini mkubwa wangu alisikitika, akasema nywele nzuri vile, na siku hizi hakuna anayemlazimisha mtu. Nilimwambia ni kweli, hakuna aliyenilazimisha. Tangu utotoni watu wamekuwa wakizitaka nywele hizi, huyu azikate, yule azichome kwa dawa. Nyanya peke yake hakuniomba hata unywele mmoja, ndiyo maana nilimpa zote.